Kuhesabu wanga kwa mtoto anayechomwa insulini: anza na unga, si na sahani

Majedwali mengi ya wanga (sehemu ya chakula inayogeuka sukari kwenye damu) yanayozunguka kwenye simu yameandikwa kwa watu wanaokula mkate uliokatwa sawasawa na vyakula vya pakiti. Mzazi wa Morogoro au Kisumu mwenye mtoto wa kisukari hayamfikishi mbali. Ugali wa nyumba moja ni mgumu, wa jirani ni laini, na wa shuleni una mambo yake. Hata majedwali ya kwetu, la Tanzania la mwaka 2008 na la Kenya la 2018, hutoa wastani. Hayajui mkono wa mpishi wako. Kitu kisichobadilika sana ni unga mkavu na mchele mkavu. Ndiyo maana hesabu hapa inaanzia kwenye pakiti ya unga kabla maji hayajaingia, kisha inafuata chakula hadi sahani ya mtoto.

Kwanza jua mtoto anatumia insulini gani

Hesabu ya wanga inamfaa mtoto anayechoma insulini mbili tofauti: ya muda mrefu inayolinda sukari mchana na usiku, na ya mlo inayochomwa kila anapokula. Ya mlo ina aina mbili. Insulini ya kawaida ya muda mfupi, kama Actrapid, huchomwa dakika 30 kabla ya kula na hufanya kazi kwa saa 5 hadi 8. Ya haraka, kama NovoRapid, huchomwa kama dakika 15 kabla, nayo huisha baada ya saa 3 hadi 5.

Kama mtoto anatumia mchanganyiko wa 30/70 mara mbili kwa siku, mambo ni mengine. Huwezi kuongeza sehemu ya mlo bila kuongeza na ile ya muda mrefu iliyo kwenye chupa hiyohiyo, kwa hiyo dozi haiwezi kukifuata chakula; chakula ndicho kinachoifuata dozi. Wanga wa kila mlo unabaki uleule kila siku, tuseme gramu 50 asubuhi, 60 mchana na 60 jioni, pamoja na kitu kidogo saa nne asubuhi na kabla ya kulala. Hesabu za jikoni zilizo hapa chini zitakufaa vilevile, ila usibadilishe dozi kwa kila mlo.

Kutoka kliniki unahitaji namba tatu, ziandikwe kwenye daftari la mtoto: uwiano wa wanga (yuniti 1 kwa gramu ngapi), kiwango cha kusahihisha (yuniti 1 hushusha sukari kwa kiasi gani), na sukari inayolengwa kabla ya kula. Madaktari wengi huanza kwa kugawa 500 kwa jumla ya yuniti za siku nzima, au 450 kwa insulini ya kawaida. Mtoto anayetumia yuniti 40 kwa siku ataanzia karibu na yuniti 1 kwa gramu 12. Hiyo ni namba ya kuanzia tu. Asubuhi watoto wengi huhitaji insulini zaidi kwa wanga uleule, na mdogo wa chini ya miaka mitano anaweza kuhitaji zaidi sana kwenye kifungua kinywa, hivyo usishangae ukipewa uwiano tofauti wa asubuhi na jioni.

Vifaa

Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote baada ya kipima sukari. Kama huna, azima kwa siku mbili au omba kupimia dukani. Kazi kubwa hufanywa mara moja tu kwa kila chakula. Ongeza kikombe chenye alama za mililita, kijiko cha chai kimoja kisichobadilishwa, na daftari.

Kuhusu bomba la sindano: bomba la mililita 1 la insulini hubeba yuniti 100, na mengi yana mstari mmoja kwa kila yuniti 2. Ukitaka yuniti 3 unakisia katikati ya mistari, na kwa mtoto wa kilo 15 kosa hilo si dogo. Omba bomba la yuniti 30 au 50. Hakikisha limeandikwa U-100 (yuniti 100 kwa mililita) kama chupa yako. Bomba la U-40 kwenye insulini ya U-100 litampa mtoto dozi mara mbili na nusu ya inayotakiwa.

Hatua ya 1: tafuta namba ya sufuria yako

Tuchukue ugali. Unga wa sembe una karibu gramu 75 za wanga katika kila gramu 100. Dona hukaribia hapo, ukiwa na makapi zaidi.

1. Pima sufuria tupu, andika uzito wake.
2. Pima unga wote utakaotumia, ukiwemo ule wa kuongezea wakati wa kusonga. Huu ndio husahaulika. Weka unga kwenye bakuli, pima kabla ya kuanza, pima uliobaki ukimaliza, toa.
3. Songa ugali kama kawaida yako.
4. Pima sufuria ikiwa na ugali, toa uzito wa sufuria.
5. Zidisha unga kwa 0.75, kisha gawa kwa uzito wa ugali.

Mfano: unga gramu 600 una wanga gramu 450. Ugali ukitoka na uzito wa gramu 1,500, basi 450 gawa kwa 1,500 ni 0.30. Hiyo ndiyo namba ya sufuria yako: kila gramu 100 za ugali huo zina wanga gramu 30. Rudia siku tatu. Kama mpishi ni yuleyule, namba zitakaribiana na utachukua ya katikati. Kama dada anasonga mgumu na mama laini, andika namba mbili.

Wali ni hivyohivyo, ila mchele mkavu una kama gramu 78 kwa 100. Mchele gramu 500 ukitoa wali wa nazi wa gramu 1,400, namba yake ni 0.28. Angalia ukoko: umekauka, kwa hiyo una wanga mwingi kuliko wali wa juu wenye uzito sawa, na watoto huugombania. Kiporo kilichokauka nacho huzidi namba ya jana kwa sababu hiyohiyo. Maji yamepungua, wanga uko palepale.

Uji hupimwa kwa ujazo. Unga gramu 200 una wanga 150; ukiweka sukari gramu 100, jumla ni 250. Uji uliokamilika ukiwa lita 2, kikombe cha mililita 300 kina gramu 37 hadi 38. Bila sukari ungekuwa 22 au 23.

Vitu vya kuhesabika: hesabu kwa unga wa kilo

Kwa chapati na maandazi usipime kimojakimoja. Gawa kilo kwa idadi. Unga wa ngano kilo 1 una wanga gramu 730 hivi. Ukitoa chapati 20, kila moja ina gramu 36 au 37. Ukitoa 14 kubwa, kila moja ina gramu 52. Hapa ndipo sukari za Jumapili huvurugika katika nyumba nyingi, maana vikaratasi vingi vya nje huhesabu chapati kama gramu 15 au 20, na huenda wanazungumzia ile nyembamba ya Kihindi. Maandazi ya kilo moja ya unga na gramu 200 za sukari yana wanga 930. Yakitoka 40 ni gramu 23 kila moja. Ya kununua, muulize mama muuzaji kilo moja humtolea mangapi. Atakujibu bila kufikiri, maana ndiyo biashara yake.

Kwa vyakula vingine tumia hizi, kwa kila gramu 100 za sehemu inayoliwa, baada ya kupikwa inapohusika:

- Viazi mviringo vya kuchemsha: 17 hadi 20. Chipsi: kama 35, maana maji yametoka.
- Viazi vitamu: 20 hadi 28, vyeupe vikavu viko juu kuliko vya rangi ya chungwa.
- Ndizi za kupika: 25 hadi 30.
- Muhogo wa kuchemsha: 30 hadi 35.
- Ndizi mbivu: 23. Embe: 15. Nanasi: 13. Papai: 11. Tikiti: 7 au 8.
- Mkate: kipande cha gramu 30 kina kama 15.
- Maziwa: 5 kwa mililita 100.
- Soda: 10 hadi 11 kwa mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 300 ina zaidi ya 30.

Nyama, samaki, dagaa, mayai, mchicha na sukuma wiki huhesabiwa sifuri. Maharage yana wanga kama gramu 22 kwa 100, lakini theluthi hivi ni nyuzinyuzi na kilichobaki huingia kwenye damu taratibu. Kliniki nyingi huhesabu 15, na vijiko viwili vya mboga hazivihesabu kabisa. Uliza yako hufanyaje, kisha fuata njia hiyohiyo kila mara.

Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4. Kilichojazwa kilima kinaweza kufika 7, na chai ya vijiko viwili vya namna hiyo yenye maziwa nusu kikombe hukaribia gramu 20. Familia hushangaa kusikia hivyo, kwa sababu chai huonwa kama kinywaji tu.

Kwenye pakiti, soma mstari wa Carbohydrate mzima. Wapo wanaosoma mstari mdogo wa Sugars ulio chini yake na kuacha wanga mwingine wote. Biskuti yenye sukari gramu 20 inaweza kuwa na wanga 70. Tazama pia kama namba ni ya gramu 100 au ya kipimo kimoja cha kula.

Hatua ya 2: kutoka sahani hadi yuniti

Mtoto amepewa ugali gramu 180, samaki na mchicha. Namba ya sufuria ni 0.30. Sukari kabla ya kula ni 13.2 mmol/L. Uwiano wake ni yuniti 1 kwa gramu 12, kiwango cha kusahihisha ni 2.5, lengo ni 7.

Wanga: 180 × 0.30 = 54. Insulini ya chakula: 54 gawa kwa 12 = 4.5.
Sukari iliyozidi: 13.2 toa 7 = 6.2. Kusahihisha: 6.2 gawa kwa 2.5 = karibu 2.5.
Jumla: yuniti 7.

Kama kipima sukari chako kinaonyesha namba kama 238, kinatumia mg/dL. Gawa kwa 18 upate kipimo kinachotumika hapa.

Dozi ikiangukia katikati na bomba halina nusu yuniti, shusha chini ikiwa mtoto anaenda kucheza au kulala, pandisha ikiwa sukari tayari iko juu na amekaa nyumbani. Usihangaike na gramu moja mbili. Kosa la gramu 10 kwenye mlo wa kawaida kwa kawaida halionekani kwenye sukari. La gramu 20 huonekana. Kwa mtoto mdogo sana, ambaye yuniti 1 inabeba gramu 25 au 30, ukikaribia inatosha.

Kusahihisha kuna sharti moja: insulini ya mlo uliopita iwe imemaliza sehemu kubwa ya kazi yake. Ukimchoma Actrapid saa saba mchana, saa tisa akasoma 14, ukaongeza yuniti 3, ile ya kwanza bado haijafika mwisho. Zote mbili zitamshusha kuelekea jioni. Subiri saa 4 kwa insulini ya haraka, na 5 hivi kwa ya kawaida, isipokuwa kliniki imekuelekeza vingine.

Sinia moja, watu sita

Kula pamoja hakuna haja ya kuachwa. Kabla sinia halijawekwa chini, toa ugali wa mtoto na uupime. Nyumba nyingi zinaona rahisi zaidi kuwa na bakuli lake: shindilia ugali humo, pindua, na kila siku umbo ni lile lile. Pima bakuli hilo mara tatu kwa mizani ya kuazima, andika wanga wake kwa rangi ya kucha chini ya kitako, na tangu hapo huhitaji mizani kila siku. Wali hupimwa kwa kikombe kisichoshindiliwa.

Akitaka kuongezwa baada ya kuchomwa, mpe kwanza samaki, mboga au kachumbari. Kama kweli anataka ugali zaidi na nyongeza inafika gramu 15 au zaidi, hesabu dozi yake hapo hapo. Kumnyima mtoto anayekua chakula kwa sababu ameshachomwa ni njia ya haraka ya kumfundisha kula kwa siri.

Mtoto wa miaka miwili au mitatu ana taabu nyingine: hujui kama atamaliza. Kwa insulini ya haraka unaweza kumchoma nusu kabla na nusu akimaliza, au yote mara anapomaliza ikiwa siku hiyo ana mgomo. Insulini ya kawaida haiwezi hivyo, inachelewa mno. Chomea kile una hakika atakula, na ukiona amekataa, fidia kwa maziwa au uji wenye wanga unaolingana.

Shuleni

Shule ya bweni huonekana ngumu kuliko ilivyo. Mpishi hupima unga kwa kilo kwa idadi ya wanafunzi. Kilo 30 kwa wanafunzi 150 ni gramu 200 kwa kila mmoja, sawa na wanga 150 kama ugali wote unagawiwa sawa. Kwa kuwa haugawiwi sawa, pima upawa wa kugawia: mara moja, mbele ya matroni, upawa mmoja una gramu ngapi. Makande au githeri vinataka namba ya sufuria kama kawaida, mahindi makavu na maharage yakipimwa kila moja peke yake. Muombe mwalimu mtoto apangwe mwanzo wa foleni. Aliyechoma dakika 30 kabla na foleni ikachukua saa nzima atashuka kabla hajakula.

Mafuta, na mchezo

Chipsi mayai, pilau la sherehe na nyama choma nyingi huchelewesha tumbo kumeng'enya. Sukari huonekana nzuri saa 2 baada ya kula kisha hupanda kati ya saa ya 3 na ya 6. Wanaotumia insulini ya haraka huona hili sana; wa insulini ya kawaida hupata afadhali kidogo, maana nayo inachelewa. Pima tena kabla ya kulala. Sahani ya kijiweni yenye chipsi gramu 200 ni wanga 70, na soda huipeleka juu ya 100. Kijana aambiwe namba hizo wazi, asikatazwe; mwenye kukatazwa hula vilevile, tofauti ni kwamba hachomi.

Mpira wa miguu au mbio ndani ya saa moja au mbili baada ya mlo hupunguza mahitaji ya insulini. Kliniki huweza kuelekeza kupunguza dozi ya mlo huo kwa robo hadi nusu, kutegemea ukali wa mchezo. Baada ya mechi ngumu ya jioni, hatari ya kushuka inaendelea hadi alfajiri.

Ikishuka chini ya 4

Sukari ya kuokoa haihesabiwi na haichomewi insulini. Kiasi ni gramu 0.3 kwa kila kilo ya mwili: mtoto wa kilo 20 anahitaji gramu 6, yaani kijiko kimoja na nusu cha sukari kwenye maji, wa kilo 50 anahitaji 15, yaani vijiko vinne pungufu kidogo, au soda ya kawaida mililita 150. Pima tena baada ya dakika 15, rudia ikiwa bado. Chokoleti na maziwa si vya saa hiyo, mafuta yake huchelewesha. Akishuka muda wa mlo ukiwa umefika, okoa kwanza; ikivuka 4, mchome dozi ya chakula bila nyongeza ya kusahihisha na ale papo hapo bila kusubiri dakika 30. Aliyepoteza fahamu asipewe chochote cha kunywa: mlaze kwa ubavu, tumia glukagoni (dawa ya dharura ya kupandisha sukari) kama ipo, mkimbize hospitali.

Kujua kama uwiano ni sahihi

Chagua siku tulivu, bila homa wala mchezo mkali. Sukari kabla ya mlo iwe kati ya 5 na 10, na isiwepo dozi nyingine inayofanya kazi. Mpe mlo usio na mafuta mengi ambao wanga wake una hakika nao. Kwa insulini ya haraka pima baada ya saa 2 na saa 4: kupanda kwa 2 au 3 katikati ni kawaida, lakini ifikapo saa ya 4 iwe imerudi karibu na ilipoanzia. Kwa insulini ya kawaida, kipimo cha mwisho ni saa 5 baadaye, kabla ya mlo unaofuata. Ikibaki juu mara tatu kwa mlo uleule, uwiano unataka kubanwa (gramu chache zaidi kwa yuniti 1), ikishuka, ulegezwe (gramu nyingi zaidi). Mabadiliko huwa ya asilimia 10 hadi 20 kwa wakati mmoja, na mpigie muuguzi wa kliniki kabla ya kuyafanya hadi utakapozoea.

Kabla ya kulaumu uwiano, tazama mambo haya: chupa imekaa juani au imeganda, anachoma sehemu ileile hadi pamevimba, amechoma wakati anakula badala ya kabla, au unga wa kusongea haukuhesabiwa. Kipindi cha kubalehe mahitaji hupanda hasa, na uwiano wa 12 unaweza kuwa 8 ndani ya miezi michache bila yeyote kukosea. Daftari la kijana likianza kuwa na namba nzuri zisizolingana na kipimo cha HbA1c cha kliniki (wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3), usianze na ugomvi. Wengine, wasichana hasa, hupunguza insulini ili wakonde, na hilo huishia kwenye sumu ya ketoni, asidi ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini.

Siku ya ugonjwa, hesabu ya mlo inaweza kusimama kwa sababu mtoto hali chakula, lakini insulini ya muda mrefu haisimami. Pima kila saa 2 hadi 4, na ketoni kwenye mkojo kama sukari imepita 14. Akitapika mfululizo, akihema kwa kasi na kwa kina, au ketoni zikiwa nyingi, nendeni hospitali mkiwa na daftari na chupa za insulini anazotumia.